Kipchomber arap Koilegen: Orkoiyot aliyefia uhamishoni kabla ya majanichai kutawala Kericho

JINA la Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1905, linajulikana na karibu kila mwanafunzi aliyewahi kusoma somo la historia nchini Kenya. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, hajabahatika kiasi hicho. Anakumbukwa hasa katika nchi ya Kericho na Bomet, kama orkoiyot wa kwanza wa Wakipsigis, na kama mtu aliyetolewa kwake kwa nguvu akafia ugenini.

Hata hivyo, ni maisha ya Kipchomber yanayoeleza vyema zaidi jinsi nchi ya ng'ombe ilivyogeuka kuwa nchi ya majanichai. Alizaliwa katika ulimwengu ambamo utajiri ulihesabiwa kwa mifugo, na ambamo mtu asiyekuwa na ng'ombe alihesabiwa kuwa hana neno barazani. Alipofariki, kodi, magereza na sheria za ardhi zilikuwa zimekwisha kuukata ulimwengu huo mizizi. Miaka kumi hivi baada ya kuondolewa kwake, makampuni ya chai yalifika Kericho, nayo nchi haikurudi tena kuwa jinsi alivyoijua.

Kipchomber alikuwa wa ukoo wa Talai, ambao miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis uliaminiwa kuwa na kipawa cha kutabiri, kuleta mvua na kubariki vita. Aliyeshika uongozi wa ukoo huo aliitwa orkoiyot. Hakuwa mfalme wala sultani, maana jamii hizo hazikuwa na wafalme. Shughuli za kila siku, kuanzia magomvi ya mipaka hadi mahari, ziliamuliwa na wazee wa kokwet, yaani baraza la ujirani. Orkoiyot aliendewa kwa mambo makubwa: ukame, maradhi ya mifugo, sherehe za kupokezana madaraka baina ya marika, na safari za vita. Vijana waliporudi na ng'ombe waliotekwa, yeye alipelekewa fungu lake.

Baba yao, Kimnyole arap Turukat, ndiye aliyekuwa orkoiyot wa Wanandi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Masimulizi yanamtaja kuwa ndiye aliyetabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atakayetoka upande wa bahari akitema moshi. Utabiri huo haukumkinga na ghadhabu ya watu wake. Mnamo mwaka 1890, baada ya vijana wengi kuangamia katika safari ya vita na misiba mingine kuandamana, Wanandi walimtwika Kimnyole lawama zote, wakamuua.

Miaka hiyo ilikuwa ya balaa katika Afrika Mashariki nzima. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia kupitia pembe ya bara, ulifyeka ng'ombe kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika. Ndui ikafuata, kisha njaa ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Jamii za wafugaji, ambazo kwa vizazi vingi ndizo zilizoogopwa katika nyanda za juu, zilijikuta zimedhoofika wakati uleule ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana bara. Waingereza walipofika hawakuikuta nchi iliyo katika ubora wake. Waliikuta nchi iliyokuwa ikijiuguza.

Fahali wawili hawakai zizi moja

Kifo cha Kimnyole kiliacha pengo lililogombaniwa na wanawe. Upande mmoja ulimfuata Koitalel, mwingine ukamfuata Kipchomber. Ugomvi huo uliwagawanya Wanandi kwa miaka kadhaa, na kufikia mwaka 1895 Kipchomber alikuwa ameshindwa. Akiwa na kikundi kidogo cha wafuasi, alikimbilia kusini, katika nchi ya Wakipsigis.

Wakipsigis na Wanandi ni ndugu wa lugha na desturi, na wote hii leo huhesabiwa miongoni mwa Wakalenjin. Kabla ya hapo, Wakipsigis hawakuwa na orkoiyot wao wenyewe. Walipohitaji ushauri wa aina hiyo waliutafuta kwa Talai wa Nandi. Isitoshe, walikuwa bado na majonzi ya vita vya Mogori, ambako majeshi yao yalipata pigo kubwa mikononi mwa Abagusii karibu na mwaka 1890. Katika hali hiyo, kuja kwa mwana wa Kimnyole kulikuwa ni jambo la kupokewa kwa mikono miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kipchomber alipewa makazi na heshima, akawa orkoiyot wa kwanza wa Wakipsigis. Ndugu na jamaa wengine wa ukoo wakamfuata, wakatawanyika katika sehemu mbalimbali za nchi, kila mmoja akiwa na watu waliomtegemea kwa ushauri na baraka. Kwa muda mfupi ukoo wa wakimbizi ukawa kiungo kilichowaunganisha watu wa Belgut, Bureti na Sotik, ambao hapo awali kila upande ulijiamulia mambo yake.

Si busara kumpamba Kipchomber kama mtu aliyependwa na wote. Talai waliheshimiwa, lakini pia waliogopwa. Iliaminika kwamba anayeweza kubariki anaweza pia kulaani, na si kila aliyetoa ng'ombe alitoa kwa moyo mweupe. Wapo wazee waliouona ukoo huo kuwa wa wageni waliokuja jana na kuanza kuamuru leo. Hofu hiyo, iliyoanza kama manung'uniko ya chini chini, baadaye ilipata masikio katika ofisi za serikali ya kikoloni.

Reli na mpaka mpya

Mwaka ambao Kipchomber alihamia kwa Wakipsigis ndio uleule ambao Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya eneo la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapanda milima ya Mau, ikapita Londiani na kituo kilichoitwa Lumbwa, kinachojulikana leo kama Kipkelion, na hatimaye ikafika Kisumu mwezi Desemba 1901. Lumbwa ndilo jina ambalo Waingereza waliwaita Wakipsigis wenyewe, wakiwa wamelisikia kwa Wamaasai.

Wanandi, chini ya Koitalel, waliipinga reli hiyo kwa miaka kumi. Walivamia misafara, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya reli kutengenezea mapambo na silaha. Mnamo Oktoba 19, 1905, Koitalel aliitwa katika mkutano wa amani, na huko akauawa kwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Waliobaki walisukumwa mbali na njia ya reli.

Kwa Wakipsigis mwaka huohuo ulikuwa na msiba wake. Watu wa Sotik walikuwa wamewashambulia Wamaasai na kuteka ng'ombe, na walipotakiwa kuwarudisha hawakufanya hivyo. Serikali ilituma kikosi cha kuwaadhibu. Watu waliuawa, mifugo ikatwaliwa kwa maelfu. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa: kumbukumbu za serikali ya wakati huo zilitaja watu wachache, ilhali wazawa wa eneo hilo wanaodai haki siku hizi hutaja zaidi ya watu 1,800.

Kilichofuata baada ya msafara huo kilikuwa na uzito kuliko msafara wenyewe. Serikali ilikata ukanda wa ardhi baina ya Wakipsigis na Wamaasai, ikawagawia walowezi wa Kizungu. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwatenganisha mahasimu wawili. Matokeo yake ni kwamba malisho ya Sotik yakawa mashamba ya watu binafsi. Upande wa kaskazini, kandokando ya reli, walowezi wengine walipewa ardhi ya Kipkelion. Nchi ya Wakipsigis ikawa sasa ina kuta ambazo hazikuwapo, na ng'ombe aliyezoea kuhamahama kufuata mvua akawa anavuka mpaka wa mtu.

Vita vyageuzwa kuwa wizi

Hapa ndipo mzozo wa Kipchomber na serikali unapoeleweka. Kwa desturi aliyokulia, kijana aliyetaka kuoa na kuanza boma lake alihitaji mifugo, na njia mojawapo ya kuipata ilikuwa kwenda vitani dhidi ya majirani wasiokuwa wa kabila lake. Safari kama hiyo haikuwa wizi. Ilikuwa na taratibu zake, ilihitaji baraka, na nyara ziligawanywa. Ng'ombe hawakukaa mahali pamoja pia. Mtu mwenye mifugo mingi aliwaweka baadhi kwa marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakishukia sehemu moja asibaki mikono mitupu. Mfumo huo ulikuwa benki, bima na udugu kwa wakati mmoja.

Utawala wa kikoloni uliutazama mfumo huo kwa jicho la polisi. Sheria za adhabu ya pamoja ziliruhusu eneo zima kutozwa faini kwa kosa la wachache, na sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1913 ikaweka faini iliyozidi mara nyingi thamani ya mnyama aliyeibwa. Kilichokuwa vita kikawa kosa la jinai. Aliyekuwa akibariki vita, kwa mantiki hiyo, akawa kiongozi wa wezi.

Sambamba na hayo kulikuja kodi ya nyumba, iliyotakiwa kulipwa kwa fedha. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuuza ng'ombe au kwenda kufanya kazi ya mshahara. Serikali iliteua machifu wa kukusanya kodi hiyo, wengi wao wakiwa watu wasiokuwa na mamlaka yoyote katika desturi. Chifu wa aina hiyo alijikuta katika hali ngumu: alikuwa na barua ya serikali, lakini vijana walimsikiliza orkoiyot. Ripoti za maafisa zilijaa lawama dhidi ya Talai, wakidaiwa kuwachochea watu wasilipe kodi, kuwatia hofu machifu na kunufaika na mifugo ya wizi.

Madai hayo hayakuwa ya kubuniwa yote. Kipchomber aliendelea kuwa orkoiyot, na kazi ya orkoiyot ilikuwa hiyohiyo. Ila ni muhimu kukumbuka kwamba maafisa waliomshtaki ndio waliokuwa pia mashahidi, waendesha mashtaka na mahakimu. Hapakuwa na mahali ambapo angesimama kueleza kwamba sheria aliyodaiwa kuivunja ililetwa na watu waliokuta nchi ikiwa na sheria zake.

Mwaka 1914 serikali ilimkamata Kipchomber pamoja na ndugu zake wawili, ikawahamisha kutoka Kericho. Yeye alipelekwa katika nchi ya Wakikuyu, upande wa Mlima Kenya, mbali na watu waliojua lugha yake. Ulikuwa mwaka wa kuanza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo Septemba, Wajerumani walivuka mpaka na kupigana na Waingereza mjini Kisii, mwendo mfupi kutoka kwa Wakipsigis, na serikali haikutaka kuona kiongozi yeyote wa Kiafrika mwenye uwezo wa kukusanya watu. Kipchomber hakurudi. Alifia huko uhamishoni kabla ya vita hivyo kumalizika.

Alikuwa amedumu na Wakipsigis kwa takriban miaka 20 tu. Alikuja kwao akikimbia nduguye, akaondolewa na dola ambayo ilikuwa imemuua nduguye huyohuyo. Wana wawili wa Kimnyole waliogombania urithi mmoja, mmoja akichagua kupigana na mwingine akichagua kuondoka, waliishia kuangushwa na mkono mmoja.

Ardhi isiyokuwa na mtetezi

Haitakuwa haki kudai kwamba Waingereza walimwondoa Kipchomber ili wapande chai. Mwaka 1914 hakuna aliyekuwa akiitazama Kericho kama nchi ya majanichai. Mche wa kwanza wa chai nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na kwa muda mrefu ulikuwa zaidi ya pambo la bustani kuliko zao la biashara. Lakini mambo mawili yanaweza kuhusiana bila moja kuwa nia ya jingine. Kuondolewa kwa orkoiyot kuliwaacha Wakipsigis bila mtu ambaye sauti yake ilisikika katika nchi yote, na hali hiyo ilikuwapo wakati maamuzi makubwa zaidi ya ardhi yalipofanywa.

Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999, huku Waafrika wakihesabiwa kuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Vita vilipoisha, serikali ilitafuta namna ya kuwatunza wanajeshi wake waliolemaa. Mwaka 1919 ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho, katika ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikusudia kulima kitani, ambacho bei yake ilikuwa imepanda sana kwa mahitaji ya vita.

Mpango huo haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bei ya kitani iliporomoka katika soko la dunia, na maafisa hao wakafilisika. Hapo ndipo tunapoona kwa uwazi jinsi Kericho ilivyokuwa imeunganishwa na dunia. Bei iliyoanguka Ulaya haikuirudisha ardhi kwa wenyewe. Ilibadilisha tu jina la mnunuzi. Kuanzia mwaka 1924 na 1925 makampuni mawili makubwa ya Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho. Yalikuwa na uzoefu wa kilimo na biashara ya chai kutoka India na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na yalitambua upesi kile ambacho wafugaji walikuwa wakikijua siku zote: kwamba huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima na udongo wake mwekundu hauchoki.

Kilimo cha chai hakifanani na cha mahindi. Majani huchumwa mwaka mzima, kwa mkono, na yanapaswa kufika kiwandani siku ileile kabla hayajaharibika. Kwa hiyo shamba la chai linahitaji kiwanda, barabara, kuni za kukaushia, na zaidi ya yote, maelfu ya watu wanaoishi papo hapo. Wakipsigis wengi, ambao bado walikuwa na ng'ombe, hawakuvutiwa na mshahara wa kuchuma majani. Baadhi walipendelea kuishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi, ambako waliruhusiwa kulisha mifugo yao. Makampuni yakawaleta vibarua kutoka kwa Wajaluo, Waluhya na Wakisii. Kambi zilizojengwa kwa ajili yao zikawa miji midogo yenye zahanati, shule na duka la kampuni. Hivyo nchi ambayo katika ujana wa Kipchomber ilikuwa ya kabila moja ikawa ya watu wa makabila mengi, waliounganishwa na mlio wa king'ora cha kiwanda.

Ukoo mzima wang'olewa

Kuondolewa kwa Kipchomber hakukumaliza hofu ya serikali dhidi ya Talai. Huko Nandi, mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 kwa tuhuma za kupanga maasi, akawekwa kizuizini kwa takriban miaka 40. Kericho nako, maafisa wa miaka ya 1930 waliendelea kuulaumu ukoo huo kwa wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba katika mashamba ya Wazungu. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani, mazao yamekosa bei na walowezi wakiilalamikia serikali kila uchao kuhusu usalama.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa. Haikumlenga mhalifu aliyetajwa kwa jina. Ilimlenga yeyote aliyezaliwa katika ukoo huo. Watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Homa Bay. Kutoka baridi ya Kericho walipelekwa penye joto, mbu na mbung'o. Malaria iliwaua watu na nagana ikaua ng'ombe. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka bila kibali.

Ukweli mchungu wa kisa hicho ni kwamba serikali haikuwa peke yake. Wapo machifu na wazee wa Kipsigis waliounga mkono hatua hiyo, wengine kwa kuwa waliwaogopa Talai, wengine kwa kuwa kuondoka kwao kuliwafungulia njia. Kizazi kipya cha wakulima kilikuwa kinachipuka, cha watu waliosoma katika shule za misheni, walionunua plau na kulima mahindi ya kuuza, na walioanza kuzungushia mashamba yao ua. Kwao, orkoiyot alikuwa mtu wa zamani. Wakoloni walitumia ufa uliokuwapo. Hawakuuchimba wote wao wenyewe.

Waliohamishiwa Gwassi walikaa huko hadi mwaka 1962, Kenya ilipokuwa ukingoni mwa uhuru. Waliporudi, walikuta kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Wengi walibaki bila shamba, na baadhi ya vizazi vyao vimeishi tangu hapo katika makazi yaliyobanana mjini Kericho, wakiyatazama mashamba ya chai yaliyotandaa pande zote.

Urithi wa majani mabichi

Kwa Wakipsigis wengine, chai yenyewe ilibadilika sura. Kwa muda mrefu Waafrika hawakuruhusiwa kuilima. Kuanzia miaka ya 1950 serikali, ikitikiswa na vita vya Mau Mau na kutaka kujenga tabaka la wakulima watulivu, ilianza kuwapa wakulima wadogo miche. Baada ya uhuru, mwaka 1964 liliundwa shirika la KTDA kuwasimamia wakulima hao. Viwanda vya wakulima vikajengwa Litein, Kapkatet, Kapkoros, Mogogosiek na kwingineko. Nyumba za mabati, karo za shule na hospitali vikategemea malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka. Mjukuu wa mtu aliyedharau kibarua cha kuchuma majani akawa na vichaka vyake mwenyewe nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kuieleza historia ya Kericho na Bomet kama hasara tupu. Chai imeijengea Kenya jina, nayo nchi hii imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa zaidi wa chai duniani. Lakini mashamba makubwa ya asili yalibaki mikononi mwa makampuni. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984; mwaka 2022 biashara hiyo ya chai ikauzwa kwa wawekezaji wengine wa Ulaya; na kufikia mwaka 2024 mashamba ya makampuni yote mawili ya asili yalikuwa yametangazwa kuuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Ardhi imebadilisha mikono mara kadhaa katika vyumba vya mikutano vya ng'ambo, bila kupitia mikono ya wale waliohamishwa.

Kazi nayo imebadilika. Mashine za kuchuma majani zimechukua nafasi ya vibarua wengi, na mnamo Mei 2023 vijana wenye hasira walichoma mashine kadhaa katika shamba moja la Kericho, mtu mmoja akauawa katika makabiliano na polisi. Waliofanya hivyo hawakuwa wakipigania ng'ombe wala orkoiyot. Hata hivyo swali lao halikuwa tofauti sana na lile la mwaka 1914: ni nani anayeamua jinsi nchi hii itakavyolisha watu wake?

Madai ya ardhi nayo hayajafa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza barua kuhusu suala hilo, na mwaka 2022 walalamishi walifikisha kesi yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Uingereza haijaomba radhi rasmi kwa yaliyotendeka Kericho.

Si rahisi kusema haki itakuwaje. Vichaka vya chai haviwezi kung'olewa ili ng'ombe warudi, na maelfu ya familia za makabila mbalimbali, wakiwamo Wakipsigis wenyewe, zinategemea majani hayo kwa mkate wao. Kuna pia suala la nani arudishiwe nini: jamii nzima iliyopoteza malisho, au ukoo uliopoteza malisho na kisha ukapoteza hata jamii yenyewe? Maisha ya Kipchomber arap Koilegen hayatoi jibu, lakini yanaweka jambo moja wazi. Aliyehamishwa mwaka 1914 hakuwa mtu mmoja tu. Pamoja naye iliondolewa nafasi ya watu wa Kericho kukaa pamoja, kubishana na kuamua wenyewe ni mabadiliko gani ya dunia wayapokee, na kwa masharti gani. Kikombe cha chai kinaweza kulipiwa fidia kwa shilingi. Nafasi hiyo, iliyopotea kwa miongo mingi, hurudishwa tu pale watu wanapoitwa tena kwenye baraza na kusikilizwa kabla ardhi yao haijauzwa.